Milango Midogo Inayoamua Uhai wa Kifaranga: Jinsi Ioni Zinavyoamsha Mbegu ya Samaki Majini

Katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya kambale, kazi ya miezi mingi huishia katika dakika moja. Samaki jike aliyetunzwa bwawani hadi akakomaa amekwisha kuchomwa sindano ya homoni na kukamuliwa mayai yake. Samaki dume amechinjwa na korodani zake zimetolewa, kwa kuwa dume wa kambale hakamuliki kwa urahisi kama walivyo samaki wengine. Mayai yamo ndani ya bakuli, manii yapo kando yake, na mtaalamu anayesimamia kazi hiyo ana jambo moja analolihofia kuliko yote: tone la maji.

Tone hilo likiingia katika manii kabla ya wakati wake, hakuna kitakachoonekana kwa macho. Manii yatabaki na rangi ileile ya maziwa, na mchanganyiko utaonekana kuwa sawa. Hata hivyo, saa nyingi baadaye mayai yataanza kuwa meupe na kuoza badala ya kuanguliwa, na mfugaji aliyekuwa akisubiri vifaranga ataambiwa asubiri msimu mwingine.

Sababu ya hasara hiyo imo ndani ya mbegu yenyewe ya kiume. Mbegu ya samaki huwa imelala muda wote inapokuwa mwilini mwa dume. Huamshwa mara moja tu, na ikishaamka hairudi kulala ikasubiri tena. Kinachoiamsha ni mabadiliko ya chumvi katika maji yanayoizunguka, na kinachoyatambua mabadiliko hayo ni milango midogo mno iliyomo katika utando wake, ambayo wanasayansi huiita milango ya ioni. Kuielewa milango hiyo ni kuelewa kwa nini bakuli la kutotoleshea lazima liwe kavu, kwa nini maji ya chumvi yanayomfaa kambale yanaweza kumharibia mfugaji wa trauti, na kwa nini usafi wa maji ya mto au ziwa unahusika na kitoweo kinachofika mezani.

Mbegu iliyolala

Binadamu, ng'ombe na mbuzi hurutubisha yai ndani ya mwili wa jike. Samaki wengi hufanya tendo hilo nje: jike hutaga mayai majini, na dume humwaga manii juu yake au karibu yake. Mbegu ya samaki hao haina njia ndefu ya kupita wala muda mrefu wa kusafiri. Inapaswa kulifikia yai na kuingia kupitia kitundu kimoja kidogo kilichopo kwenye ganda lake. Kitundu hicho huziba muda mfupi baada ya yai kukutana na maji au kurutubishwa.

Kwa hiyo maumbile yameipa mbegu ya samaki nguvu nyingi kwa muda mfupi sana. Mbegu ya trauti huogelea kwa takriban nusu dakika tu. Mbegu ya kambale hudumu kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Baadhi ya samaki wa baharini wana mbegu zinazoweza kuogelea kwa dakika kadhaa, na mbegu za perege nazo hudumu kwa muda mrefu zaidi ya zile za trauti. Mkia wa mbegu ya trauti hupiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde unapoanza kazi, kisha kasi hiyo hushuka haraka kadiri akiba ya nishati ndani ya seli inavyokwisha.

Seli yenye akiba ndogo namna hiyo haiwezi kuruhusiwa kuogelea ovyo. Ikianza kuogelea ikiwa bado kwenye korodani, itakuwa imechoka kabla ya kuliona yai. Ndiyo maana umajimaji wa manii, pamoja na kubeba mbegu, una kazi nyingine kubwa ya kuzizuia zisiamke.

Milango katika utando

Kila seli hai imezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Chumvi inapoyeyuka katika maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, nazo huitwa ioni. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu ni miongoni mwa ioni hizo. Utando wa seli hauziruhusu ioni kupita zenyewe, zinahitaji milango.

Milango hiyo ni protini zilizojikunja zikaacha mfereji mwembamba katikati. Mmoja hupitisha potasiamu na kukataa sodiamu. Mwingine hupitisha kalsiamu. Wengi wao hawakai wazi wakati wote. Baadhi hufunguka pale tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli inapobadilika, wengine utando unapovutwa, na wengine kiwango cha asidi ndani ya seli kinapopanda au kushuka.

Katika hali ya kawaida, ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, na nje yake kuna sodiamu na kalsiamu nyingi zaidi. Tofauti hii ni kama maji yaliyozuiwa nyuma ya bwawa. Mlango ukifunguka, ioni hutiririka zenyewe kuelekea upande zilikokuwa chache, na mtiririko huo huwa ndio ujumbe. Mishipa ya fahamu na moyo wa binadamu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mbegu ya samaki imeitumia kanuni hiyo kujibu swali moja: je, nimekwisha kutoka mwilini na kuingia majini?

Fumbo la potasiamu

Jibu la kwanza la kisayansi lilipatikana kwa samaki wa maji ya baridi kali. Mwaka 1938, watafiti wa Kijerumani Schlenk na Kahmann walionyesha kuwa potasiamu iliyomo katika umajimaji wa manii ya trauti ndiyo inayozizuia mbegu zake zisiogelee. Mwaka 1980, Masaaki Morisawa na mwenzake Suzuki wa Japani walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyopanua uelewa huo. Walieleza kuwa jamii mbalimbali za samaki hutumia ishara tofauti. Jamii ya salmoni, ambamo trauti yumo, hutegemea kupungua kwa potasiamu. Samaki wengine wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, hutegemea kushuka kwa jumla ya chumvi zote. Na samaki wa baharini hutegemea kupanda kwake.

Utafiti uliofuata ulionyesha hatua zinazotokea ndani ya mbegu ya trauti. Manii yanapochanganyika na maji ya mto, potasiamu iliyokuwa nje ya mbegu huyeyuka na kutawanyika, na kiwango chake hushuka ghafla. Potasiamu iliyomo ndani huanza kutoka kupitia milango yake. Kwa kuwa kila ioni ya potasiamu hubeba chaji chanya, kutoka kwake huufanya upande wa ndani wa utando uwe na chaji hasi zaidi kuliko ulivyokuwa.

Badiliko hilo la umeme hufuatiwa na kuingia kwa kalsiamu katika seli. Kiwango cha kalsiamu kikipanda, seli hutengeneza kwa wingi molekuli ya ujumbe inayoitwa AMP duara, nayo huamsha vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini za mkia. Hapo protini zinazofanya kazi kama mota ndani ya mkia huanza kuvutana na kuachiana, na mkia huanza kupiga. Mfuatano huo wote, tangu maji yagusane na manii hadi mbegu ianze kuogelea, humalizika haraka kuliko mtu anavyoweza kukoroga bakuli.

Kambale na kipimo cha chumvi

Kambale wa Afrika, anayejulikana kisayansi kama Clarias gariepinus, hana utaratibu huo wa trauti. Yeye, pamoja na kapi anayefugwa sana barani Asia na Ulaya, yumo katika kundi ambalo mbegu zake huamshwa na kushuka kwa jumla ya chumvi. Ni muhimu kwanza kuelewa kipimo kinachotumika. Wanasayansi hupima wingi wa chembe zote zilizoyeyuka katika kimiminika kwa kipimo kiitwacho miliosmoli. Umajimaji wa manii ya kapi una takriban miliosmoli 300 kwa kilo moja ya maji. Maji ya mto au kisima huwa karibu na sifuri, na maji ya bahari huwa takriban 1,000.

Mbegu inapotoka kwenye kimiminika chenye 300 na kuingia kwenye maji yenye kiwango kilicho karibu na sifuri, maji hulazimika kuingia ndani yake kwa nguvu. Seli huvimba na utando huvutika. Katika mbegu ya kapi, watafiti wa Hungaria waliochunguza jambo hili walibaini kuwa mshtuko huo hufuatana na kuhama kwa potasiamu kupitia milango yake, kubadilika kwa umeme wa utando, na kupanda kwa kalsiamu ndani ya seli. Kwa maneno mengine, kengele inayopigwa si ile ya trauti, lakini wanaoitika ni walewale: potasiamu, umeme wa utando na kalsiamu.

Mshtuko unaoiamsha mbegu ndio huohuo unaoanza kuiua. Maji yakiendelea kuingia, utando huharibika na ncha ya mkia huanza kujikunja. Hivyo mbegu ya samaki wa maji baridi hukabiliwa na saa mbili zinazokimbia kwa pamoja: nishati inayokwisha na mwili unaovimba.

Samaki wa baharini na perege wa maji mawili

Kwa samaki wa baharini mambo hugeuka. Mbegu zao hulala katika umajimaji wenye chumvi ndogo kuliko bahari. Zinapomwagwa baharini, maji hutoka ndani ya seli badala ya kuingia, seli hunywea, na ioni zilizomo ndani hukolea. Kukolea huko ndiko kunakoiambia mbegu kuwa imefika mahali pa kazi. Heringi wa Bahari ya Pasifiki amekwenda mbali zaidi, kwani mbegu zake hukaa bila kuogelea hata zikiwa tayari baharini, na huanza kwenda kwa kasi pale zinapokutana na kichocheo kilichopo kwenye yai karibu na kitundu chake.

Mfano unaowahusu zaidi wakazi wa Afrika Mashariki ni wa perege. Perege wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, ana asili ya mito ya kusini mashariki mwa Afrika kuanzia Zambezi, na anaweza kuishi katika maji ya mto na ya bahari pia. Mwaka 2003, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha mbegu za perege hao waliozoeshwa maji baridi na wale waliozoeshwa maji ya bahari. Mbegu za wale wa kwanza ziliogelea katika maji yenye chumvi kidogo. Mbegu za wale wa pili zilikuwa zimehamisha kiwango chake na kuweza kuogelea katika chumvi nyingi, kwa sharti kwamba kalsiamu iwepo katika maji.

Jambo hilo linaonyesha kuwa mpango wa kuamka haukuchongwa kwenye jiwe. Samaki mmoja, kwa kuishi mahali pengine, anaweza kurekebisha namna mbegu zake zinavyoisoma chumvi ya mazingira. Pia linaonyesha kuwa si kiasi cha chumvi pekee kinachohesabika bali na aina yake, kwa kuwa kalsiamu ikikosekana, mlango wake hauna cha kupitisha.

Yaliyogunduliwa karne hii

Kwa muda mrefu wanasayansi walijua kuwa milango ipo kwa kuona matokeo yake tu. Kuupima mlango mmoja mmoja kulikuwa kugumu, kwa sababu kichwa cha mbegu ya samaki kina upana wa sehemu chache tu katika elfu moja ya milimita. Hali hiyo imeanza kubadilika.

Mwaka 2001, watafiti waligundua katika panya mlango wa kalsiamu unaopatikana kwenye mkia wa mbegu pekee, wakauita CatSper. Baadaye ilithibitika kuwa binadamu anao pia, na kwamba mwanamume ambaye mlango wake una kasoro anaweza kukosa uwezo wa kuzalisha. Ilitarajiwa kuwa samaki wote nao wangekuwa nao. Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa samaki mdogo wa maabara mwenye mistari, Danio rerio, hana CatSper kabisa, na bado mbegu zake huogelea na kurutubisha mayai.

Mwaka 2015, watafiti waliofanya kazi nchini Ujerumani walieleza katika jarida la eLife mlango mwingine unaoshika nafasi kubwa katika mbegu za samaki huyo. Ni mlango wa potasiamu unaoitwa CNGK, na hufunguka pale asidi inapopungua ndani ya seli. Ukifunguka, umeme wa utando hubadilika, kalsiamu hupanda, na mwendo wa mbegu hubadilika. Mwaka 2020, ulielezwa mlango mwingine tena katika mbegu za samaki huyo, ambao hupitisha protoni, yaani chembe zile zinazofanya kitu kiwe na asidi.

Funzo la ugunduzi huo ni kwamba samaki hawana funguo moja inayofanana kwa wote. Kila jamii imeunda milango yake kulingana na maji inayozalia. Kanuni iliyothibitishwa kwa samaki wa maabara haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa kambale, sato au mwatiko bila kupimwa kwanza kwa samaki mwenyewe.

Maana yake kwa mzalishaji wa vifaranga

Elimu hii ina matumizi ya moja kwa moja katika sekta ya ukuzaji viumbe maji. Tanzania ina vituo vya umma vya kuzalisha vifaranga, kikiwemo cha Kingolwira mkoani Morogoro na cha Ruhila mjini Songea, sambamba na vituo vya watu binafsi vinavyoendelea kuanzishwa. Sato na perege wengine huzaliana wenyewe bwawani, kwani jike huyatunza mayai kinywani mwake. Kambale ni tofauti. Akiwa amefungiwa bwawani, kwa kawaida hazai bila kusaidiwa, na hivyo karibu kila kifaranga cha kambale kinachouzwa kimepitia mikononi mwa mtaalamu.

Hatua ya kwanza ni ukavu. Bakuli, kijiko, wembe, mikono na ngozi ya samaki hufutwa hadi vikauke. Damu na mkojo navyo hufutwa, kwa sababu mkojo wa samaki wa maji baridi una chumvi kidogo na unaweza kuziamsha mbegu kama maji yanavyofanya. Njia hii ya ukavu si ngeni. Iliasisiwa nchini Urusi mwaka 1856 na Vladimir Vrassky, aliyegundua kuwa mayai mengi zaidi hurutubishwa pale manii yanapochanganywa na mayai kabla ya maji kuongezwa. Vrassky aliyaona matokeo zaidi ya miaka 80 kabla ya sababu yake kuanza kufahamika.

Hatua ya pili ni kuchagua kimiminika sahihi pale manii yanapohitaji kuongezwa wingi au kusubiri. Kwa kambale hutumika maji safi yenye chumvi ya kawaida ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 katika lita moja, sawa na yale yanayotumika hospitalini kwenye dripu. Mchanganyiko huo una takriban miliosmoli 300, kwa hiyo mbegu ya kambale huendelea kulala kana kwamba bado imo mwilini.

Mtu akiyachukua maji hayohayo akayatumia kwa trauti, matokeo huwa kinyume. Kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1948 pamoja na kile cha Sagana, kimekuwa kikizalisha trauti kwa kutumia maji ya baridi yatokayo Mlima Kenya. Mbegu ya trauti hailindwi na jumla ya chumvi bali na potasiamu. Maji ya chumvi ya kawaida hayana potasiamu, na ndani yake mbegu hizo huamka na kuchoka kabla ya kuyafikia mayai. Kimiminika cha kutunzia manii ya trauti hakina budi kuwekewa potasiamu ya kutosha. Hivyo mwongozo wa samaki mmoja ukinakiliwa kwa samaki mwingine, kosa linaweza kuwa kubwa hata kama kila hatua imefuatwa kwa uaminifu.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Manii huchanganywa kwanza na mayai yakiwa bado makavu, ili kila yai liwe na mbegu karibu yake. Ndipo maji safi huongezwa na mchanganyiko kukorogwa taratibu kwa takriban dakika moja. Hakuna faida ya kukoroga kwa robo saa, kwa sababu mbegu zilizokuwa hazijaingia ndani ya dakika hiyo zimekwisha kuchoka na vitundu vya mayai vimekwisha kuziba. Baada ya hapo mayai husuuzwa na kutandazwa kwenye maji yanayotiririka.

Wazalishaji wengi wamezifahamu hatua hizi kwa kuelekezwa. Anayefahamu sababu yake huwa na nafasi ya ziada, kwani mayai yakiharibika anaweza kujiuliza ni wapi maji yalipoingia, chumvi ilipimwa au ilikadiriwa kwa macho, na muda uliopita kati ya kukoroga na kuongeza maji ulikuwa kiasi gani.

Maji machafu hugusa mbegu kwanza

Mbegu ya samaki haina ngozi, magamba wala ini la kuchuja sumu. Utando wake na milango yake hugusana moja kwa moja na maji, na kemikali zinazoharibu protini hizo zinaweza kuizuia isiogelee hata pale ambapo samaki mkubwa anaonekana mzima. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya maabara yaliyofanyika nchini Ubelgiji kwa kutumia manii ya kambale wa Afrika. Yalionyesha kuwa uwezo wa manii kurutubisha mayai hushuka baada ya kukaa kwa muda mfupi katika maji yenye kiwango cha kutosha cha kloridi ya zebaki.

Matokeo hayo yana uzito katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako zebaki hutumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 kwa lengo la kulinda afya ya binadamu na mazingira dhidi ya madini hayo. Mjadala wa zebaki huelekezwa zaidi kwa afya ya mchimbaji na mlaji wa samaki, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, upo upande wa pili wa jambo hilo: maji yanayomdhuru mlaji leo yanaweza pia kupunguza idadi ya samaki watakaozaliwa kesho, kwa kuwa uzazi wa samaki hufanyika ndani ya maji yaleyale.

Kwa mzalishaji wa vifaranga, tahadhari ni kutotumia maji ya kutotoleshea yanayotoka kwenye mkondo unaopokea mabaki ya uchenjuaji madini, viuatilifu vya mashambani au maji taka, na kuyapima maji kabla ya msimu kuanza. Inapokuwa haiwezekani kupima kemikali zote, darubini ya kawaida inaweza kutoa dalili. Tone dogo la manii likichanganywa na maji yanayokusudiwa kutumika, mbegu zinapaswa kuonekana zikienda kwa kasi papo hapo. Zikibaki zimetulia au zikitetema tu bila kusonga, maji hayo au manii hayo hayafai kutegemewa.

Kuilaza mbegu kwa miaka

Kama mbegu inaweza kuzuiwa isiamke kwa saa kadhaa, swali linalofuata ni iwapo inaweza kulazwa kwa miaka. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1953, pale John Blaxter alipofanikiwa nchini Uingereza kugandisha manii ya heringi na kuyatumia baadaye kurutubisha mayai. Leo manii ya samaki wa jamii nyingi yanaweza kuhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Ugumu wake unarudi kwenye utando na milango ileile. Barafu ikijiunda ndani ya seli huchana utando. Kimiminika cha kuhifadhia kikiwa na chumvi isiyofaa, mbegu huamka kabla ya kugandishwa na akiba yake huisha. Kwa sababu hiyo kila jamii ya samaki huhitaji mchanganyiko wake, na mchanganyiko huo huanza na swali la ni ishara gani inayoiamsha mbegu ya samaki huyo.

Mayai ya samaki ni makubwa na yana kiini kingi, na kuyagandisha kwa mafanikio bado ni changamoto isiyotatuliwa. Manii yamebaki kuwa njia inayowezekana zaidi ya kuhifadhi mbegu ya samaki walio hatarini. Ziwa Victoria linatoa mfano wa kwa nini hifadhi ya namna hiyo inahitajika. Baada ya sangara na sato kuingizwa ziwani humo katikati ya karne iliyopita, samaki wengi wa asili walipungua sana, miongoni mwao wakiwemo perege wa asili waliokuwa tegemeo la wavuvi. Samaki akishatoweka kabisa, hakuna manii yatakayoweza kukusanywa.

Mfugaji anayetaka kuanzisha uzalishaji wa vifaranga vya kambale anashauriwa kupata kwanza mafunzo kwa vitendo kutoka kwa maofisa uvuvi wa halmashauri yake, vituo vya ukuzaji viumbe maji au Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kabla ya kuchinja dume wake wa kwanza. Gharama ya dume huyo na ya jike aliyechomwa sindano hairudi. Kinachoweza kuilinda ni bakuli kavu, chumvi iliyopimwa kwa mizani, maji safi, na kuitumia vema ile dakika moja ambayo mbegu ya samaki imepewa.